Kioo si Kadhi

Kumezuka mazoea ya kuisimulia historia ya upimaji wa mimba kana kwamba ni jahazi liendalo bandarini kwa upepo mmoja: kila mwaka chombo kipya, kila chombo kheri mpya. Simulizi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni jirani wa uongo.

Mwaka 1956, nchini Denmark, Fritz Fuchs na Povl Riis walionesha kuwa chembe zilizomo katika maji ya chupa ya uzazi hutambulisha jinsia ya kijusi. Mwaka 1960 wakaielekeza elimu hiyo kwenye hemofilia, maradhi ya damu isiyoganda. Maradhi yenyewe hawakuweza kuyaona. Waliona uanaume tu. Mimba ya mwana wa kiume ikaingia hatarini, ilhali kati ya wana wawili wa mama mwenye kurithisha, mmoja hutarajiwa kuzaliwa mzima. Elimu hii basi ilianza kwa dhana, si kwa yakini.

Na swali la jinsia halikufa. Mwaka 1994 India ililazimika kutunga sheria ya kuzuia vipimo visigeuzwe silaha dhidi ya watoto wa kike.

Mwaka 1978, huko San Francisco, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy walionesha kuwa selimundu yaweza kutambuliwa katika vinasaba vya kijusi. Selimundu, ndugu msomaji, ni maradhi yetu. Imeenea palipo na malaria, kwani mwenye kurithi jeni moja hukingika na malaria kali; mwenye kurithi mbili huugua. Maradhi yetu yakawa mlango wa elimu kubwa. Sisi tumepata nini mlangoni hapo?

Watasema mama ana haki ya kujua. Nakubali, asiyejua hana khiyari. Lakini khiyari ni njia mbili, na njia ya pili yataka dawa, damu salama, na nauli ya kumfikia tabibu. Mama aambiwaye mwanawe ni mgonjwa, kisha akaachwa peke yake, hakupewa khiyari. Amepewa hukumu kwa lugha ya adabu.

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua vinasaba vya kijusi ndani ya damu ya mama. Tangu hapo kuuliza kumekuwa kwepesi; kujibu bado kuzito.

Kipimo ni kioo. Kioo huonesha; hakihukumu wala hakitibu. Atuleteaye kioo na aje na tabibu.