Tarakilishi kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili

Ipo dhana iliyoota mizizi, hata miongoni mwetu walimu, kwamba mtu mzima mwenye ulemavu wa akili hana haja ya tarakilishi. Afunzwe kusuka vikapu na kufuga kuku, yatosha. Yamkini dhana hii ilikuwa na udhuru kabla ya mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini. Leo mayai ya kuku hao hulipiwa kwa simu, na cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia eCitizen. Asiyeweza kubonyeza namba yake ya siri humwachia jamaa ambonyezee, na aghalabu hapo ndipo jasho lake hupotelea.

Waama, ufundishaji wenyewe si mwepesi. Hatua moja hurudiwa siku nyingi, kwa utaratibu ule ule na mashine ile ile, kabla ya kuongezwa nyingine. Hata hivyo, kizuizi ambacho hatukitaji ni lugha ya mwalimu. Jumatatu husema kompyuta, Jumanne tarakilishi kwa kuwa ndivyo kisemavyo kitabu, na siku akitaka kujionyesha, ngamizi! Mwanafunzi wa chuo hutabasamu tu. Huyu wetu huenda akadhani ameletewa mashine tatu. Vivyo hivyo neno la siri hugeuka nywila bila taarifa. Mwaka 2009 shirika la Inclusion Europe lilitoa mwongozo wa maandishi mepesi, na mojawapo ya kanuni zake ni kutumia neno lile lile kwa kitu kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho. Sisi wanaisimu, tuliozoea kugombania istilahi, tumeichangia fujo hii.

Isitoshe, mtu wa miaka arobaini huitwa "mtoto" darasani na kupewa michezo ya kupaka bata rangi. Mbona asianze kwa kuandika jina lake, au kusoma salio la fedha zake mwenyewe?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ikuze Lugha Ishara ya Kenya, Breli na njia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa walemavu. Viziwi na vipofu wametajiwa zao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaihesabu lugha nyepesi kuwa mojawapo ya njia hizo, na hiyo ndiyo Breli ya mwenye ulemavu wa akili.

Wala Kiswahili hakijashindwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili kwenye skrini. Kila mwaka wanafunzi wa idara zetu huja wakilalamika kwamba mada za tasnifu zimekwisha. Na waanze na hii: maneno mia moja ya tarakilishi na simu, kila kitu na jina lake moja, yajaribiwe darasani na wanafunzi wenyewe kabla ya profesa yeyote kuyatia sahihi.