Kibarua, Akiba na Bima: Nani Amlindaye Mfanyakazi Kazi Ikikoma?

Neno kibarua limebeba historia ndani yake. Kabla ya kuwa jina la kazi ya kutwa na la mtu aifanyaye, lilikuwa barua ndogo tu, yaani kijikaratasi alichopewa mtu ili siku zake za kazi zihesabiwe na alipwe ujira wake. Leo, kwa wengi wanaotafuta riziki katika maghala na gati la Mbaraki, kisiwani Mombasa, jina limesalia ila karatasi imetoweka. Mtu huandikwa kazi kwa mdomo alfajiri na kuachishwa kwa mdomo jua likichwa.

Ni kweli kwamba Kenya ina hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF. Chini ya sheria ya mwaka 2013, ambayo viwango vyake vipya vilianza kutozwa Februari 2023, mwajiriwa hukatwa asilimia 6 ya mshahara, hadi kikomo kilichowekwa, naye mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Hata hivyo, fedha hizo zimekusudiwa uzee, ulemavu na mauti. Kijana wa miaka 30 anayepoteza kazi hawezi kudai chochote huko kwa sababu hiyo peke yake.

Kimbilio lake ni Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi alipe ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyetumika miaka 6 anastahili ujira wa siku 90. Si haba, lakini mlipaji ni mwajiri yuleyule ambaye huenda biashara imemwendea mrama. Mnamo 2019 serikali iliagiza shehena za Nairobi na nchi jirani zisafirishwe kwa reli mpya. Wakazi wa Mombasa waliandamana wakilalamika kwamba riziki za madereva wa malori na za wafanyakazi wa vituo vya makontena zinakatika. Shughuli za kutoa mizigo ziliagizwa kurejeshwa bandarini Septemba 2022. Miaka 3 ilikuwa imepita, na tumbo halingoji amri ya pili.

Kiini cha tatizo hili ni kuchanganya akiba na bima. Akiba ni ya mwenyewe: huweka leo, akachukua kesho. Bima ni ya wengi: kila mmoja hutoa kidogo, na aliyefikwa ndiye apokeaye. Uzee unaweza kungojwa kwa akiba. Kuachishwa kazi, ambako huja bila hodi, kunahitaji bima.

Majirani wameliona hilo. Tanzania, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, iliingiza fao la kukosa ajira katika NSSF yake. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari, hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Afrika Kusini ina mfuko maalumu ambao mwajiriwa huchangia asilimia 1 na mwajiri asilimia 1. Kwa mshahara wa shilingi 30,000, hiyo ingekuwa shilingi 300 kutoka kila upande.

Yamkini msomaji atauliza: Mkenya akatwe mara ngapi? Swali hilo ni la haki. Tayari anatozwa kodi, asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba. Lakini fao la Tanzania hutoka katika mfuko uleule wa hifadhi ya jamii. Kenya nayo inaweza kutenga sehemu ya michango ya NSSF kwa ajili hiyo bila kuongeza makato. Pensheni itapungua kidogo, naam, ila mzee wa kesho ni yule kijana anayetakiwa avuke leo. Ama hofu ya kulea uvivu, theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka haimnenepeshi mtu.

Linabaki suala la kibarua mwenyewe. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamhesabu aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima kuwa mwajiriwa wa mkataba. Atauthibitishaje mwezi huo bila hati? Bima yoyote itakayoanzishwa kwa kutazama orodha za mishahara ya mwezi pekee itamkinga aliye ofisini na kumwacha mchukuzi juani. Kwa hiyo wabunge na vyama vya wafanyakazi waanze na jambo dogo lililo la lazima: kila siku ya kazi iandikwe, na kila siku iliyoandikwa ihesabiwe kuwa mchango. Kibarua arudishiwe barua yake.