Nguvu Zikiondoka, Mama Anabaki

Mama mpendwa, umewahi kumnyang'anya mwanao kitabu cha katuni? Safari hii sisi tuliketi tukasoma naye.

Shujaa wake ni Storm, jina lake Ororo, ambaye mama yake ni Mkenya. Huamuru mvua na upepo. Katika toleo la 185 la Uncanny X-Men, mwaka 1984, anapigwa kwa silaha inayomwondolea nguvu zote. Toleo la 186, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith, linamwonyesha mwanamke aliyezoea kuruka angani, sasa haoni sababu ya kuamka kitandani. Kisha anagundua kwamba Forge, mwanamume anayemtunza, ndiye aliyeibuni silaha ile. Anamwacha, anaondoka zake.

Sisi wauguzi twamfahamu mama huyo. Tumemwona wodini baada ya kiharusi, au baada ya kutolewa kizazi. Ukimwambia haraka, "Jikaze, utazoea," hugeukia ukutani.

Katika toleo la 198, mwaka 1985, Ororo yuko Afrika. Anamzalisha msichana mmoja, na mtoto hapumui. Hana radi wala upepo wa kuamuru. Anampulizia pumzi yake mwenyewe, na mtoto anaishi.

Kwa hiyo, kama nyumbani mwako yupo aliyepoteza nguvu zake, keti naye kwanza. Mwache alie. Kesho yake mpe mchele achague, si kwa kumhurumia, bali kwa sababu mkono wake bado unahitajika.