Mashine ya picha inamsemesha nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Mlangoni walikuwa wamesimamisha ile mashine ya kujipiga picha, wengine wanaiita kibanda cha picha: skrini, kamera juu yake, taa ya duara na printa pembeni. Unagusa skrini, inahesabu, inapiga, picha inatoka. Vijana walikuwa wamejazana pale kuliko kwenye foleni ya pilau.

Akaletwa bibi mzaa mama wa yule binti, aliyesafiri kutoka Kilosa kwa ajili ya siku hiyo. Wakamsimamisha katikati ya wajukuu. Mashine ikaanza kutoa maelekezo kwa Kiingereza cha puani. Bibi akageuka kumtafuta anayeongea. Taa ikapiga. Picha iliyotoka ina wajukuu wanne wanaocheka, na nyuma ya kilemba cha bibi. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Lakini alipoombwa arudie akasema, "Basi wajukuu zangu, mimi mambo hayo siyajui." Akaenda kuketi.

Wadau, mimi nasema bibi hakuwa na kosa. Maelekezo hayakuwa yake.

Nilimfuata kijana aliyekuwa anaisimamia. "Kaka, hii haiwezi kuongea Kiswahili?" Akanijibu, "Ndivyo ilivyokuja, braza." Jibu hilo mtu yeyote anayenunua vifaa vya umeme Kariakoo amewahi kulisikia. Kitu kimetoka kontena, basi tunakitumia kama kilivyo, na asiyeelewa ni shauri yake.

Nikamwomba anifungulie mipangilio ya programu. Tuliyoyakuta hayahitaji digrii ya kompyuta. Maandishi ya skrini yako kwenye visanduku: unafuta ya Kiingereza, unaandika yako. Kurasa nyingine ni picha za kawaida, unatengeneza yako yenye ukubwa uleule na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Sauti nazo ni faili ndogondogo, kila moja na kazi yake: ya kukaribisha, ya kuhesabu, ya kusifia baada ya picha, ya kuaga. Unarekodi yako, unaichagua, basi. Programu nyingi za aina hii zinaruhusu mambo hayo kwa namna moja au nyingine. Cha msingi ni kunakili folda ya zamani kabla ya kugusa chochote, na kujaribu kila kitu kabla wageni hawajafika.

Lakini msikimbilie kutafsiri neno kwa neno. Kiingereza kina amri moja kwa mtu mmoja na kwa watu kumi. Kiswahili kinatofautisha: tazama, tazameni. Mbele ya mashine hiyo watu husimama kwa makundi, kwa hiyo wasemeshe kwa wingi. Wapo pia wakubwa zetu, na "tafadhali" moja haigharimu kitu. Halafu hakuna mpiga picha wa mtaani anayesema "tabasamuni". Wote wanasema, "Haya, chekeni kidogo!" Tumia hilo. Na kwa kuwa watu hujitazama kwenye skrini badala ya kamera, waambie wazi: "Tazameni juu, kwenye kioo cha kamera." Weka na mshale.

Kuhesabu nako kuna ufundi wake. Rekodi kila namba peke yake, tatu, mbili, moja, kila moja itoshe ndani ya sekunde yake, la sivyo taa itapiga wakati sauti bado iko kwenye mbili. Na usitegemee sauti tupu, maana muziki wa ukumbini utaimeza. Wala usitegemee maandishi matupu, maana kuna mzee aliyeacha miwani nyumbani. Weka vyote viwili.

Kuna watakaosema Kiingereza kinaipa sherehe hadhi. Kamati imechangisha mamilioni, sasa mashine iongee kama konda wa daladala? Naheshimu mawazo hayo, ila tukumbuke maelekezo hayo yalianzia wapi. Anatol Josepho alipofungua kibanda chake pale Broadway, New York, mwaka 1925, picha nane kwa senti 25, aliweka mhudumu wa kuwaelekeza wateja watazame wapi. Studio zetu nazo zilikuwa na fundi wa kukuinua kidevu na kukwambia shingo kulia kidogo. Sauti ya kwenye mashine inafanya kazi ya mtu huyo. Fundi ambaye wateja hawamwelewi angefunga duka.

Na si suala la picha tu. Mwishoni mashine nyingi huomba namba ya simu ili ikutumie picha, na pengine kukutaka ukubali masharti. Watu wanabonyeza tu ili wapate picha yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichosoma ni ridhaa gani hiyo?

Tusijifanye jambo hili ni geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na leo mama lishe anatuma pesa kwa kufuata menyu ya Kiswahili bila kumwita mtoto amsomee. Hata jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu walilipokea neno la wenye nguvu wakalitamka kwa ulimi wao, mpaka limekuwa letu. Sisi tunashindwa faili sita za sauti?

Kwa hiyo wanakamati, mkienda kukodi mashine, kabla ya kuuliza bei ya picha ulizeni inaongea lugha gani. Nanyi wenye mashine, tengeni jioni moja. Bibi wa Kilosa amerudi kwake na picha ambayo uso wake haumo, na sendofu ya mjukuu hairudiwi.

Naomba kutoa hoja.