Rumu iliyokomaa inafundisha kunywa kidogo

BUKAVU – Jioni, kwenye butiki za Kadutu, Ibanda na Bagira, chupa ndogo za plastiki za pombe kali hupangwa mbele, karibu na biskuti na sigara. Bei yake inamfaa hata mwenye kutafuta pesa za siku. Kijana anafungua kizibo, anameza yote kwa mara moja, anakunja uso na kutupa chupa kwenye mtaro. Ukimwuliza ladha yake ilikuwa namna gani, hana jibu. Ladha hakuitafuta, alitaka kulewa upesi.

Katika mji kama huu, kuzungumza juu ya rumu iliyolala miaka minane au kumi na miwili ndani ya pipa kunaweza kuonekana kama habari za matajiri. Lakini jambo hili linamgusa hata mnywaji wa chupa ndogo. Mtu aliyejifunza kutofautisha pombe nzuri na mbaya, ni vigumu kumwuzia sumu. Mahali ambapo wanywaji hawajui kutofautisha, mfanyabiashara mwenye tamaa anaweza kutia rangi na harufu ndani ya spiriti, akabandika etiketi ya rumu, na akauza bila hofu.

Rumu ni nini hasa

Rumu ni pombe ya muwa. Sehemu kubwa hutengenezwa kwa molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Molasi huchanganywa na maji na chachu, huachwa ichache, kisha huchemshwa ili mvuke wake ukamatwe na kupozwa. Mama anayepika kanyanga au lutuku anaijua kazi hiyo. Tofauti iko kwenye vyombo, usafi, vipimo na subira. Mpishi mwenye ujuzi hutenga kinachotoka kwanza na kinachotoka mwisho, anabakiza cha katikati. Kinachobaki ni cheupe kama maji, nacho bado ni kikali.

Hapo ndipo pipa linapoanza kazi yake. Pipa hilo ni la mti wa mwaloni, na mara nyingi limekwisha kutumika Marekani. Kule, sheria inataka wiski ya bourbon ikomazwe ndani ya vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyotumika huuzwa kwa watu wa rumu. Ubao huipa pombe rangi ya kahawia na harufu ya vanila na viungo. Hewa hupenya polepole, na ule ukali wa mwanzo unapungua mwaka kwa mwaka.

Lakini pipa nalo linakunywa. Katika baridi ya Ulaya, pombe inayopotea kwa mvuke ni karibu asilimia 2 kwa mwaka. Katika joto la visiwa vya Karibi, mara nyingi ni asilimia 6 au zaidi. Fanya hesabu: pipa la litra 200 likipoteza asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 8 zinabaki kama litra 122. Baada ya miaka 12 hazifiki 100. Kwa hiyo chupa ya rumu ya miaka 12 inayouzwa kwa bei ya bia mbili haiwezi kuwa ya kweli. Hesabu hiyo peke yake ingewaokoa wengi wanaonunua chupa za kupeleka kwa wakwe siku ya kutoa mali.

Historia inayomhusu Mkongomani

Huko Barbados kuna hati ya mwaka 1703 inayotaja vyombo vya kupikia pombe kwenye shamba ambalo leo linajulikana kama Mount Gay. Huko Haiti, nyumba ya Barbancourt ilianzishwa mwaka 1862, nayo hutumia maji ya muwa wenyewe badala ya molasi. Martinique ilipata mwaka 1996 alama ya kisheria ya Ufaransa inayolinda rumu yake, na kwa sheria hiyo hakuna ruhusa ya kuandika neno vieux kwenye chupa kama pombe haijakaa miaka 3 kamili ndani ya mwaloni.

Mkongomani akisikia majina hayo, asidhani ni habari za watu wa mbali. Maelfu ya watu walichukuliwa kutoka pwani za Kongo na Angola, wakapelekwa utumwani Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, kulima muwa. Mapinduzi yalipoanza mwaka 1791, Wakongo walikuwa kundi kubwa kati ya watumwa waliozaliwa Afrika. Rumu yenyewe ilitumika kama malipo katika biashara hiyo ya watu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, walimu na wataalamu wengi kutoka Haiti walikuja kufanya kazi Kongo. Anayeonja rumu ya Haiti leo anaonja pia jasho la ndugu zake. Heshima ndogo anayoweza kutoa ni kutoimeza kama maji.

Soma chupa, kisha onja

Rangi isimdanganye mtu. Karameli inaweza kuipa pombe changa sura ya pombe ya zamani, na sukari inaweza kuficha ukali wake. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka: rumu isizidi gramu 20 za utamu kwa litra. Nambari kubwa kwenye etiketi nayo isomwe kwa makini. Jamaika na Umoja wa Ulaya wanataka umri uhesabiwe kwa pombe iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa. Kwingine, nambari inaweza kuwa ya tone la zamani tu lililochanganywa na mengi ya juzi. Pale ambapo neno miaka halikuandikwa, nambari hiyo huenda ni pambo.

Kuonja hakuhitaji vyombo vya hoteli. Kilauri kidogo kinachofinyika mdomoni kinatosha. Mimina kidogo, kiache dakika chache. Usiingize pua ndani. Shika kilauri chini ya kidevu, mdomo wazi kidogo, harufu ipande yenyewe. Piga funda dogo, lipitishe ulimini, halafu meza. Hesabu ladha inakaa muda gani. Kama inaunguza sana, ongeza matone ya maji na urudi tena. Njia bora ya kujifunza ni kuweka vilauri viwili pamoja, kimoja cha rumu changa, kingine cha rumu iliyokomaa. Dakika kumi za namna hiyo hufundisha kuliko maneno mengi.

Tena pua ya mtu wa Kivu haianzii sifuri. Aliyekulia karibu na mtumbwi wa kasiksi anaijua harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Atakutana nayo tena katika rumu nyingi za Jamaika. Asali ya msituni, tumbaku kavu, ganda la chungwa, nanasi lililoanza kuchacha: vyote viko katika kumbukumbu yake. Kinachokosekana ni desturi ya kusimama na kuvipa majina.

Kahawa imekwisha kuonyesha njia

Miaka mingi kahawa ya pembeni mwa Ziwa Kivu iliuzwa bila kuonjwa na mlimaji wake. Ilivushwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda kwa bei ya aibu, na watu wengi walizama. Mambo yalianza kubadilika pale vyama vya walimaji vilipojenga vituo vya kuoshea kahawa, na vijana wa hapa wakajifunza kuionja na kuipa alama. Mashindano ya Saveur du Kivu yalikuja kuonyesha kwamba kahawa hiyo inaweza kukaa meza moja na nzuri za dunia. Asiyejua ladha ya mali yake hupangiwa bei na mwingine.

Muwa nao uko Kongo. Kwilu-Ngongo, katika Kongo-Central, ni jina la sukari kwa vizazi kadhaa. Karibu na Uvira, katika bonde la Ruzizi, Kiliba ilikuwa na kiwanda cha sukari kilichonyamaza wakati wa vita vya miaka ya 1990. Penye sukari pana molasi, na penye molasi panaweza kutoka rumu ya kuheshimika. Ila hakuna mtu atakayelaza pesa zake ndani ya pipa miaka 8 kwa ajili ya soko linaloridhika na chupa ya kumeza kwa mara moja.

Wapo watakaosema kwamba pombe ni pombe, na kwamba hii ni njia ya kupamba ulevi. Hoja yao ina uzito. Rumu ya digrii 40 inalevya sawa iwe na mwaka mmoja au ishirini, na Shirika la Afya Duniani lilikumbusha mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari. Asiyekunywa abaki hivyo. Mwenye mimba, mwenye kuendesha pikipiki na mtoto wasiguse. Lakini kwa yule ambaye tayari anakunywa, chupa moja ya sentilita 70 inatoa vilauri 23 vya sentilita 3. Marafiki sita wakiinunua kwa likelemba, wanaweza kukaa nayo wiki nyingi, wakinywa kidogo baada ya chakula. Mgonjwa wa chupa za plastiki hamalizi siku mbili bila kununua tena.

Serikali za jirani zimechukua hatua: Tanzania ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019. Viongozi wa huku wana kazi ya kufuatilia kila chupa inayoingia na kutengenezwa, na wenye maduka wana kazi ya kukataa bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji wala digrii. Mnywaji naye ana sehemu yake. Kabla ya kutoa pesa, asome etiketi, anuse, aulize imetoka wapi na imekaa muda gani. Muuzaji asipokuwa na jibu, pesa ibaki mfukoni.