Acheni Kuutukuza Mkanda wa Mpira

Juma lililopita kijana mmoja aliniambia anataka kuuza pleya yake ya santuri, Technics SL-1200 aliyoachiwa na mjomba wake, kwa sababu muuzaji wa vyombo vya muziki kamwambia hiyo ni "ya madijei". Msikilizaji wa kweli, eti, hutumia pleya ya mkanda, ile ambayo mota hulizungusha sinia la santuri kwa mkanda wa mpira. Nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Imani hii imezagaa kwa wauzaji na kwa wakusanyaji wa santuri. Wanadai mota ikikaa chini ya sinia na kulizungusha moja kwa moja, mtetemo wake hupanda hadi kwenye sindano, ila mkanda wa mpira huuchuja. Je, wameshajiuliza mota hiyo inakwenda kwa kasi gani? Inakwenda na sinia lenyewe, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Mzunguko mmoja unakaribia sekunde mbili! Sikio gani la binadamu linasikia mwendo huo? Mota ya mkanda ndiyo inayokimbia mizunguko mamia kwa dakika, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo tulivu. Ni upuuzi, na wanaoueneza wana bidhaa ya kuuza.

Lakini hoja yangu kubwa ni moja, na sijapata wa kuijibu. Santuri nyingi huanza kama bamba la laki linalozunguka huku mashine ikilichonga mfereji. Neumann VMS 80 ya Ujerumani, mashine iliyoheshimika sana katika kazi hiyo, ilizungushwa na mota ya Technics SP-02. Ni mota ya moja kwa moja, haina mkanda. Basi kama mota ya namna hiyo huchafua sauti, uchafu umo ndani ya mfereji tangu bamba lilipochongwa, na hakuna mkanda wa kuutoa. Kama haichafui, mnabishana nini?

Mkanda ulikuwa na siku zake. Mwaka 1961 Mmarekani Edgar Villchur alitoa pleya ya mkanda iitwayo AR, ya bei nafuu na tulivu. Ila mwaka 1970 Matsushita wa Japani, wenye chapa ya Technics, wakaleta SP-10, pleya ya mota ya moja kwa moja, na mwaka 1972 ikafuata SL-1200, iliyoundwa kwa ajili ya sebuleni. Madijei waliigundua baadaye wakaipenda kwa uimara wake. Miaka hiyo hiyo Linn wa Glasgow wakatoa LP12 ya mkanda, magazeti ya Uingereza yakaishangilia, na mpaka leo watu wanarudia maneno ya magazeti yale bila kufungua masikio.

Yafungueni basi. Wekeni santuri ya taarabu, subirini fidla ishike sauti moja ndefu. Mkanda uliolegea huiyumbisha sauti hiyo kama mlevi, na kwa joto la pwani yetu mpira haukawii kulegea. Ukitaka mwingine, uagize ng'ambo, usubiri wiki kadhaa, ulipe ushuru ambao hakuna ofisa anayeweza kukueleza umekokotolewaje. SL-1200MK2 imepimwa kuyumba kwa asilimia 0.025 tu, na haikudai mpira wa mtu.

Na vile visanduku vya rangi rangi vya kuchezea santuri wanavyouziwa vijana, vyenye mkono mzito unaokwangua mifereji, vingi huzungushwa na nini? Mkanda! Hapo mbona hatusikii habari ya usafi wa sauti?

Anayeniudhi zaidi ni yule aliyetumia mamilioni kwa mkanda wa Ulaya, meza ya marumaru na nyaya nene, huku sindano yake imechakaa tangu enzi. Sindano iliyochakaa huula mfereji. Kila akiicheza santuri ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe ya miaka ya 1970, anafuta gitaa ambalo hatalipata tena dukani.