Mtambo Uandike, Kamanda Aamue

Kila askari ajua kwamba silaha mpya haitoki ghalani kwenda mstari wa mbele siku ile ile iliyopokewa. Huandikishwa, hukaguliwa, hupimwa uwanjani, kisha ofisa hutia sahihi kuwa ameikubali. Ajabu ni kwamba programu ya kompyuta, ambayo leo huongoza mawasiliano, hesabu za ghala, mishahara na hata makombora, wako wanaodhani yaweza kubadilishwa alasiri moja, kwa sababu tu siku hizi yuko msaidizi wa akili bandia awezaye kuiandika kwa dakika chache.

Hatusemi kwamba msaidizi huyo ni adui. Ukitoka hapa Gisenyi kwa barabara ya Musanze, hufiki mbali kabla ya kuingia wilaya ya Nyabihu, ambako mwaka 2019 ilianza Rwanda Coding Academy, shule inayowafundisha vijana kuandika programu. Vijana kama hao ndio watakaoitengeneza mitambo tutakayoitumia kesho, nao hawatakosa kuwa na msaidizi huyo pembeni. Kwa hiyo tulitazame jambo lililo mbele yetu: ni nani ampaye amri, na amri hiyo imeandikwaje?

Jambo hili latugusa hapa hapa mpakani. Kabla ya janga la korona, maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma kupitia Petite Barrière, wengi wao akina mama wachuuzi wa mboga na matunda. Tuseme rekebisho dogo katika programu ya kusajili wavukaji linaingizwa alfajiri bila kujaribiwa, na mtambo unaanza kukataa vitambulisho halali. Fundi aliyeliingiza yuko mbali. Askari wa zamu ndiye atakayesimama mbele ya umati wenye hasira, huku nyanya zikiharibika juani.

Wenye kuona kwamba twatia chumvi na wakumbuke yaliyotokea Dhahran, nchini Saudi Arabia, wakati wa Vita vya Ghuba. Februari 25, 1991, kombora la Scud lililorushwa na Iraki liliangukia makazi ya askari wa Marekani na kuua 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukurusha hata kombora moja kulizuia. Mtambo huo ulikuwa umewaka kwa saa 100 mfululizo, hali uliundwa kuhamahama na kufanya kazi kwa saa chache tu. Saa yake ya ndani ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na katika hesabu ya kuzigeuza kuwa sekunde palikuwa na upungufu mdogo mno uliozidi kujilimbikiza. Baada ya saa 100, upungufu huo ulifika theluthi moja ya sekunde. Kwa kasi ya Scud, muda huo ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ilikuwa ikitazama mahali pasipokuwa na kitu.

Lenye uchungu zaidi ni kwamba kasoro hiyo ilikwisha julikana. Wiki mbili kabla, Waisraeli walikuwa wametoa taarifa kwamba mtambo hupoteza usahihi ukiwaka kwa saa nyingi. Februari 21 vikosi viliarifiwa kwamba kuuwasha kwa muda mrefu sana kwaweza kupotosha shabaha. Lakini ujumbe haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Tena hesabu ya wakati ilikuwa imekwisha kuboreshwa katika baadhi ya sehemu za programu na kuachwa ya zamani katika sehemu nyingine, jambo lililochangia kosa lenyewe. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo.

Makosa hayo yalifanywa na binadamu, bila akili bandia. Lakini ndiyo yale yale yanayoweza kurudi leo kwa kasi kubwa zaidi. Msaidizi hurekebisha pale alipoonyeshwa, na aweza kuliacha pacha la kosa mahali pengine. Akipewa agizo lisilo na kipimo, hulijaza kwa makisio yake mwenyewe, tena kwa lugha ya kujiamini. Julai 2025, msaidizi wa kampuni ya Replit ya Marekani alifuta hifadhi ya data ya mteja, yenye kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200, ijapokuwa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kampuni iliomba radhi, ikatangaza kutenga hifadhi ya majaribio na ile ya kazi halisi. Maana yake ni kwamba marufuku ya mdomo haikutosha, palihitajika ukuta.

Kwa hiyo mpango wa kubadilisha programu hauna budi kufanana na amri ya operesheni. Kwanza, shabaha iandikwe kabla ya msaidizi kuguswa: ni kitu gani kibadilike, kwa kipimo gani, na kipi kisiguswe kamwe. Pili, ufanywe upelelezi: msaidizi atafute kila mahali hesabu hiyo inapotumika, aorodheshe, na binadamu ahakiki. Tatu, mabadiliko yawe madogo, yajaribiwe mbali na mtambo wa kazi, tena majaribio hayo yasisimamiwe na yule yule aliyeandika. Nne, njia ya kurudi nyuma iwe imefanyiwa mazoezi. Tano, ofisa mwenye jina na cheo atie sahihi, kwa kuwa msaidizi hawezi kufikishwa mbele ya baraza la uchunguzi.

Wapo watakaosema kwamba taratibu hizi zitatuchelewesha, na kwamba Dhahran waliuawa na ucheleweshaji. Ni kweli rekebisho lilichelewa. Lakini siku hiyo kuuzima mtambo na kuuwasha upya kungalirudisha saa mahali pake. Kilichokosekana ni maneno machache yenye kipimo. Kasi ya msaidizi itufae basi katika kuandika, kutafuta na kujaribu, ili muda uliookolewa utumike kukagua.

Nanyi askari na polisi mnaotumia mitambo hiyo mna wajibu wenu. Mtambo ukipotoka, andikeni katika kitabu cha zamu saa, muda uliokuwa umewaka, na jambo lililotokea. Ukibadilishwa bila taarifa, ulizeni ni nani aliyetia sahihi. Jina lisipopatikana, mpelekeeni kamanda wenu habari hiyo kabla zamu haijaisha.